SOMO LA KIKUNDI: KIFAFA NI UGONJWA WA UBONGO, NA UNA DAWA



Somo la mara hii linahusu jambo ambalo karibu kila kijiji kinalo, lakini watu hulisema kwa sauti ya chini. Ni kifafa. Tunawaomba mlisome pamoja mkiwa mmekaa. Mwenye kusoma vizuri asome kwa sauti, apumzike kila mwisho wa sehemu, na wengine waulize ama waseme wanayoyajua. Kama muda ni mfupi, ligawanyeni: sehemu ya 1 mpaka ya 4 wiki hii, na zilizobaki mkutano ujao.

1. KWANZA TUULIZANE

Mtoto wa jirani ameanguka karibu na moto wa mawe matatu. Mwili unatetemeka, macho yamegeuka, povu linatoka mdomoni. Je, hapo kwenu ni nani atakayemvuta atoke motoni?

Jibuni kwa ukweli. Mahali pengi watu hukimbia. Wameambiwa tangu utotoni kwamba mate ya mtu wa kifafa yakikugusa, ama akitoa hewa ukiwa karibu, wewe pia utaanguka. Kwa sababu ya neno hilo watu wameungua vibaya, na wengine wamezama kwenye maji ya kufika magotini, na watu wazima wamesimama kando wanatazama.

Neno hilo si kweli. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala povu, wala mkojo, wala kwa kula sahani moja au kulala kitanda kimoja. Hata mkisahau mengine yote ya somo hili, hilo mlishike.

2. UBONGO HUFANYA KAZI NAMNA GANI?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na kitu hivi. Ndani yake mna chembe hai, yaani seli, za kupeleka habari kama bilioni 86. Seli hizi huzungumza kwa umeme mdogo sana. Ukitaka kuinua jembe, ni umeme huo unaoambia mkono uinuke. Ukikumbuka jina la mtu, ni seli zinapashana habari.

Umeme huu si hadithi. Mwaka 1924 daktari mmoja Mjerumani, Hans Berger, aliunganisha nyaya kwenye kichwa cha mtu na akaweza kuuchora umeme wa ubongo kwenye karatasi. Alitangaza matokeo yake mwaka 1929. Mpaka leo hospitali kubwa zina mashine ya namna hiyo, na mtu anayepimwa haumii.

Sasa fikirieni kwaya. Wa sauti ya kwanza wanaimba pao, wa sauti ya pili pao, besi wanangoja zamu yao. Wimbo unaenda vizuri. Halafu kwa ghafula wote wanapiga kelele pamoja, kila mtu kwa nguvu zake zote. Wimbo umekwisha, ni kelele tupu. Ndivyo inavyokuwa kifafa kinapomshika mtu. Seli nyingi za ubongo zinatoa umeme wakati mmoja, na mwili hauna la kufuata. Kelele ikienea ubongo wote, mtu huanguka na kutetemeka. Ikibaki upande mmoja tu, labda mkono mmoja utacheza wenyewe, ama mtoto atakodoa macho kwa muda mfupi kama hasikii. Huyo wa pili mara nyingi hupigwa shuleni kwa kuitwa mvivu, kumbe ni mgonjwa.

Angalieni jambo moja. Mtoto mdogo akipata degedege sababu ya homa kali, hiyo bado si kifafa. Apelekwe kituo cha afya upesi, maana homa yenyewe inaweza kuwa malaria. Tunasema ni kifafa pale mtu anapoanguka mara mbili au zaidi bila homa wala sababu nyingine ya wakati huo.

3. KINATOKA WAPI?

Pwani wengine husema ni pepo ama ndege wa usiku, nyuni. Bara wengine husema ni laana ya ukoo, ama mtu ametupiwa kitu. Watafiti nao walikwenda kuangalia.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika sehemu 5 za Afrika: Kilifi hapa kwetu Kenya, Iganga na Mayuge huko Uganda, Ifakara Tanzania, Kintampo Ghana, na Agincourt Afrika Kusini. Watu zaidi ya 580,000 walihesabiwa na kuulizwa. Waliokuwa na kifafa cha kuanguka walilinganishwa na majirani wasio nacho, ili kuona wamepishana wapi. Mambo yaliyojitokeza ni haya:

Kwa watoto, wengi walikuwa wamepata shida kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, ama mara baada ya kuzaliwa. Mtoto akichelewa njiani na kukosa hewa, ubongo wake huumia, na kovu linabaki.

Kwa watu wazima, wengi walikuwa wamewahi kulazwa hospitali kwa malaria ama homa, ama waliwahi kuumia kichwa. Tena damu zao zilionyesha dalili za kukutana na vijidudu na minyoo kama tegu wa nguruwe, minyoo ya mbwa, kijidudu kinachotokana na paka, na mnyoo wa ugonjwa wa upofu wa mtoni.

Ndiyo, wakati mwingine kifafa huonekana kwa watu kadhaa wa ukoo mmoja. Hata sukari na shinikizo la damu hufanya hivyo, na hatusemi ni laana.

Tazameni orodha hiyo tena. Kuzalia hospitali, neti, kofia ngumu kwenye boda boda, choo, nyama iliyopikwa ikaiva. Haya ni mambo ambayo vikundi vyetu vimeyafanyia kazi miaka mingi bila kujua kwamba vinalinda ubongo. Huko Kilifi malaria ilipopungua, idadi ya watoto waliolazwa na degedege la malaria nayo ilishuka. Watafiti waliandika hivyo mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila watu 4 wenye kifafa, mmoja angeweza kukikwepa kabisa.

4. TEGU, NGURUWE NA UBONGO

Sehemu hii isikilizwe hata na wale wasiokula nguruwe. Tegu ni yule mnyoo mrefu, bapa kama utepe, anayeishi tumboni mwa mtu. Fuateni safari yake pole pole.

Mtu anakula nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vijifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mahindi hivi. Kijifuko kinakuwa tegu tumboni mwake. Hasikii ugonjwa mkubwa. Lakini kila aendapo haja kubwa anatoa mayai ya tegu, ambayo hayaonekani kwa macho.

Kama hakuna choo, anakwenda kichakani. Nguruwe aliyeachiliwa anakula kinyesi, mayai yanaingia mwilini mwake, na nyama yake inajaa vijifuko. Huo ni mzunguko wa kwanza.

Mzunguko wa pili ndio wa hatari zaidi. Mtu huyo mwenye tegu hajanawa mikono. Anapika, anagawa chakula, anakata sukuma. Ama mvua inabeba kinyesi mpaka kisimani. Mwingine anameza mayai yale. Kwa huyu hayakui kuwa tegu. Yanapasuka, yanaingia kwenye damu, na mengine yanafika kwenye ubongo na kujenga vijifuko huko. Ubongo unapopigana na kijifuko, kifafa kinaanza, pengine baada ya miaka.

Kwa hiyo anayekula nguruwe mbichi hupata tegu wa tumbo. Anayemeza uchafu wa mwenye tegu hupata vijifuko vya ubongo. Mtu asiyewahi kuonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua kwa sababu jirani hana choo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu 30 kwa mia ya visa vya kifafa vinatokana naye. Magharibi mwa Kenya, kama vile Busia, ambako nguruwe wengi hufugwa na wadogo wadogo, tegu huyu yupo.

Je, anaweza kumalizwa? Huko Peru, Amerika ya Kusini, katika mkoa wa Tumbes, walijaribu. Watu walipewa dawa ya minyoo, nguruwe wakapewa dawa na chanjo. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: kati ya vijiji 107, vijiji 105 havikuonekana tena na nguruwe mwenye kijifuko hai. Ni kazi kubwa, inahitaji serikali. Lakini sehemu yetu tunaiweza leo: nguruwe afungiwe bandani, kila boma liwe na choo, mikono ioshwe kwa sabuni, nyama ikaguliwe na kupikwa mpaka isibaki wekundu wowote ndani.

Onyo: usijinunulie dawa ya tegu dukani kwa kubahatisha. Kwa mtu mwenye vijifuko kwenye ubongo, dawa nyingine za minyoo zinaweza kumletea degedege. Muulize mhudumu wa afya kwanza.

5. DAWA IPO

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba mpaka 70 kwa mia yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa sawasawa. Hiyo ni 7 kati ya kila 10.

Msidhani hesabu hiyo ni ya Ulaya tu. Hapa Kenya, sehemu za Nakuru, watafiti waliwatibu wagonjwa 302 wa kifafa cha kuanguka kwa kutumia huduma za afya za kawaida, wakachapisha matokeo mwaka 1991. Katika miezi 6 ya pili ya matibabu, zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa mwaka mzima hawakuanguka hata mara moja. Karibu robo nyingine walipungukiwa. Dawa zilikuwa fenobabitoni na kabamazepini, vidonge vya siku nyingi na vya bei ya chini kuliko dawa mpya.

Lakini dawa hizi zina masharti:

Humezwa kila siku, hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Dawa hailipi deni la jana. Inazuia la kesho.

Usiache ghafula. Mtu akiacha kwa siku moja, anaweza kushikwa na kifafa kisichokatika, na huyo anaweza kufa.

Mtu akikaa miaka 2 bila kuanguka, daktari anaweza kufikiria kuipunguza kidogo kidogo. Ni daktari. Si jirani, wala si mwenyewe.

Mama ama msichana anayeweza kushika mimba amwambie daktari mapema, kwa sababu dawa iitwayo valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hata hivyo asiache dawa kivyake. Aende abadilishiwe.

Na maombi je? Mwombeeni mgonjwa, na dawa ameze. Mtu aliyevunjika mguu tunamwombea na tunamfunga plasta. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani anamtia hatarini.

6. KWA NINI SOMO PEKE YAKE HALITOSHI

Hapa ndipo kikundi chenu kinapoitwa. Kule Kilifi, watafiti waliandika mwaka 2014 kwamba watu wenye kifafa walikuwa wakifa kwa kiasi cha zaidi ya mara 6 kuliko watu wengine wa hapo. Wasiofuata dawa ndio waliokufa zaidi, kama mara 3 ya waliofuata. Na utafiti wa mwaka 2012 huko huko ulikuwa umeonyesha kwamba kati ya kila wagonjwa 10, zaidi ya 6 hawakuwa kwenye matibabu yanayotakiwa. Sababu zilizoonekana ni pamoja na umbali wa kituo, kulipia dawa, kutoiamini dawa ya hospitali, na kukaa na ugonjwa zaidi ya miaka 10 mpaka watu wakachoka.

Basi wakasema, tuwafundishe. Wagonjwa wakagawanywa, wengine wakapewa mafundisho mazuri juu ya kifafa. Matokeo ya mwaka 2014 yalikuwa hivi: waliofundishwa waliacha kwa kiasi kikubwa kuamini mambo ya pepo na laana. Hilo ni jema. Lakini kumeza dawa hakukuongezeka, na kuanguka hakukupungua.

Tulifikirie jambo hili. Mama ameelewa vizuri kwamba mtoto wake si wa laana. Lakini kituo kiko mbali, nauli hakuna, siku ya kliniki ni siku ya soko, na dawa ikiisha dispensari anaambiwa akanunue. Maneno mazuri hayamfikishi. Anayeweza kumfikisha ni jirani, ama kikundi.

7. AKIANGUKA MTU MBELE YENU

Fanyeni zoezi hili hapo mkutanoni. Mmoja alale chini kama mgonjwa, na wengine wafanye.

Mwondoe kwenye moto, maji ama barabara. Mguse bila hofu.

Weka kitu laini chini ya kichwa, kama leso ama sweta iliyokunjwa. Legeza kola na mshipi.

Mlaze upande mmoja ili mate yatoke na asisongwe.

Tazama saa. Mara nyingi hukoma kabla ya dakika 5. Ikizidi dakika 5, ama ikirudi kabla hajapata fahamu, ama ni mja mzito, ama ameumia, tafuteni gari mara moja.

Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Utamvunja meno. Usimkandamize mikono na miguu. Usimnusishe kiberiti wala kiatu. Usimpe maji wala dawa mpaka awe macho kabisa.

Akizinduka atakuwa amechoka na kuchanganyikiwa. Kaa naye. Mfunike kama amejikojolea, na watazamaji waombwe waende.

8. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Hatuwaambii muanzishe hospitali. Chagueni mawili ama matatu kati ya haya, na mwandishi ayaandike kwenye kitabu cha kikundi:

Moja, wajueni wenye kifafa katika kijiji chenu, hata wale wanaofichwa nyumba ya nyuma. Nendeni mkiwa na mhudumu wa afya ya jamii, kwa heshima, bila makelele.

Mbili, pangeni zamu ya dawa. Kama wagonjwa ni wanne, hakuna haja ya nauli nne kila mwezi. Mulizeni kituo kama mtu mmoja anaweza kuwachukulia wale waliokwisha kupimwa, na ni lini lazima waende wenyewe.

Tatu, kila mgonjwa awe na rafiki wa dawa, mtu wa kumwuliza kila jioni, "Umemeza?" Na wiki moja kabla ya vidonge kwisha, rafiki huyo aseme.

Nne, kwenye mchango wenu wa mzunguko tengeni kiasi kidogo cha kununulia dawa siku kituo hakina. Kuanguka kwingi hurudi katika siku hizo.

Tano, nyumba yenye mgonjwa isaidiwe kuinua jiko ama kulizungushia ukuta wa udongo, asiangukie motoni. Pia asiende mtoni peke yake, asipande miti, asiendeshe boda boda. Kazi nyingine nyingi anaziweza: kupalilia, kufuga kuku, kushona, kuuza duka.

Sita, mtoto wa kifafa arudishwe shule. Wazee wawili wa kikundi wamwone mwalimu mkuu, wamweleze somo hili na huduma ya kwanza.

Saba, hesabuni maboma yasiyo na choo na nguruwe wasiofungwa. Saidianeni kuchimba, zamu kwa zamu.

Nane, mwenye kifafa awe mwanachama kamili. Atoe mchango kama wengine, apokee kama wengine, na achaguliwe kuwa mweka hazina kama ni mwaminifu.

9. MASWALI YA KUJADILI

Je, hapa kwetu watu husema kifafa kinatokana na nini? Tumejifunza nini tofauti?

Mtu asiyekula nguruwe anawezaje kupata ugonjwa wa tegu? Mmoja aeleze safari ile bila kusoma.

Ni nani kijijini ameacha dawa? Aliacha kwa sababu gani hasa: nauli, bei, usingizi wa dawa, ama maneno ya watu?

Kituo chetu kina fenobabitoni mwezi huu? Nani atakwenda kuuliza, na atatuletea jibu siku gani?

Swali hilo la mwisho msiliache bila jina la mtu na tarehe. Mwaka 2022 nchi za dunia zilikubaliana katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuongeza huduma za kifafa ifikapo mwaka 2031. Makubaliano hayo yatafika kijijini pale raia watakapoingia dispensari na kuuliza, kwa upole lakini bila kuchoka, vidonge viko wapi.

Tunawatakia mkutano mwema. Kikundi kitakachofanya somo hili kituandikie, kitueleze ni mambo gani mliyoyachagua na yameendaje baada ya miezi mitatu.